Kifungu cha Saba Nilichokiruka

Mkataba wa Birindwa ulikuwa na kurasa nne na vifungu kumi na kimoja. Mimi nilimsomea kumi.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuandika na kutoa fotokopi katika mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, ng'ambo ya barabara kutoka geti la kampuni ya malori ya Shakuru. Nilikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi, na benchi la wateja lililolegea mguu. Watu walikuja na maneno yao ya Kiswahili au Kirundi, nami nikayageuza kuwa Kifaransa cha ofisini: barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi. Shakuru alipoanza kufundisha madereva wapya, mikataba yao yote niliichapa mimi. Hakuna mtu katika mtaa ule aliyeijua kunizidi.

Birindwa alitoka Uvira. Alikuwa akipakua magunia bandarini kabla ya kuingia kwa Shakuru. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni mpaka aambiwe aingie, hata baada ya mwaka mzima wa kupendana kwetu. Kifaransa cha kuongea alikuwa nacho kidogo. Cha karatasi kilimshinda, na hakuona aibu kukisema.

"Nisomee we," aliniambia siku ya kusaini. "Hao wengine wajisomee. Mi niko na wangu wa kunisomea."

Mtaani ilivyoeleweka, kampuni ingemfundisha kijana lori na kumlipia leseni ya magari makubwa, naye angeitumikia miaka miwili bila kuhamia kwa mwingine. Lakini kifungu cha saba kilisema kwamba miaka hiyo miwili itaanza kuhesabiwa siku dereva atakapokabidhiwa lori lake mwenyewe. Kabla ya hapo yeye ni dereva wa pili: anakaa kiti cha pembeni, anashika usukani mwenye gari akichoka, na leseni yake halisi inafungiwa kwenye kabati la kampuni. Siku ya kukabidhiwa lori haikuandikwa popote. Ingeweza kuwa mwezi ujao, au mwaka wa tano.

Sasa, jioni iliyotangulia, Birindwa alikuwa amenisindikiza mpaka karibu na kwetu Mutanga Nord, na njiani, akinikatia jina la Amandine kama kawaida yake, alisema bila kunitazama:

"Ama, kuna kazi Lubumbashi. Mujomba yangu ameniitia. Hapa kwa Shakuru kama ni miaka miwili, nitakaa. Ikizidi, apana. Naenda Lubumbashi."

Sikumjibu. Nililala nikiiona Lubumbashi, mji ambao sijaufika, umejaa wanawake.

Kesho yake madereva saba walipanga mstari kwenye kibanda changu, kalamu ikipita mkono kwa mkono. Rénovat, karani wa ofisini kwa Shakuru, alikuwa amesimama na muhuri. Nilimsomea Birindwa cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Nikavuta pumzi. Nikaendelea na cha nane.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Saini tu."

Akasaini, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Nilimpenda sana dakika ile. Ndilo jambo ninaloshindwa kuwaeleza watu: kwamba nilikuwa nimejaa mapenzi kabisa.

*

Miaka miwili ilipita hivyo. Alikwenda Dar, akarudi, akaenda tena, daima kwenye kiti cha pembeni. Akiuliza habari ya lori lake, Shakuru humshika bega na kusema, "Wallahi kijana, liko kwenye meli." Mimi nilijiambia kwamba lori litafika, na miaka itaanza yenyewe, na hakuna atakayejua ilianza lini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Alhamisi moja, saa tano asubuhi, alisimama mlangoni amevaa shati jeupe la misa.

"Hodi."

"Ingia basi. Kila siku hodi, kama muuza mayai."

Aliingia, akaketi kwenye benchi kando ya mzee mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi za kitambulisho. Uso wake uling'aa mpaka nikaogopa.

"Unajua leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne ya mwezi wa tatu. Miaka yangu miwili imetimia leo! Andika barua. Ya muzuri. Utie heshima nyingi, Shakuru anapenda heshima."

"Barua ya nini?"

"Ya kuomba leseni yangu, na karatasi ya kusema niko huru." Akanisogelea, akashusha sauti, ingawa mzee wa fotokopi alisogeza sikio naye. "Rafiki yangu Jordan amenipatia nafasi. Kampuni ya Kahama. Wananipa gari, Ama. Gari yangu! Jumatatu Jordan anapanda kwenda huko, mi napanda naye. Wanataka vitu viwili tu, leseni yenyewe na hiyo karatasi."

"Kahama," nilisema.

"Usinune. Sikuachi. Jumamosi baba mudogo Sébastien anavuka kutoka Uvira, anakuja kwenu kujulisha. Nimemuambia avae suti. Tukimaliza mambo ya wazazi, nakuja kukuchukua. Kahama pia watu wanaandikisha barua."

Mzee wa fotokopi akasema, "Mupe barua yake, dada. Kijana ana haraka ya kuoa."

Nikaanza kuchapa. Vidole vyangu vilijua njia: Bwana Mkurugenzi, kwa heshima kubwa. Birindwa alisema maneno yake nyuma yangu, polepole, mkono wake mmoja juu ya kiti changu.

"Kwa kuwa nimetumikia miaka miwili tuliyokubaliana, bila gari kugonga, bila muzigo kupotea..."

Niliandika mpaka hapo. Vidole vikasimama.

Wakati huohuo mama yangu akatokea mlangoni, kapu la samaki wadogo, ndagala, mkononi. Mama Geneviève alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na Kiswahili chake kina makali ya huko. Alikuwa akipita kwangu kila akitoka sokoni, apumzike na anikague.

"Kumbe dereva yuko hapa," alisema. "Gari umeipaki wapi, mbona siioni?"

"Bado, Mama. Inakuja."

"Miaka miwili inakuja! Hii gari yako inatoka Ulaya kwa miguu?"

Mzee wa fotokopi alicheka mpaka benchi likayumba. Birindwa naye alicheka. Hakuwa mtu wa kukasirikia maneno ya mama.

"Jumatatu nitaishika, Mama. Na Jumamosi baba mudogo yangu atakuja kuwasalimu."

"Aje. Kiti hakikosekani kwetu. Lakini nilichosema nilikisema: binti yangu anaolewa na mutu mwenye gari yake na karatasi zake. Dereva wa pili ni mutu wa kubebwa. Sasa mutu wa kubebwa atanibebea mutoto?"

"Karatasi ndizo anaziandika hapa," alisema Birindwa na kunionyesha kwa kidevu.

"Gari ni ya Shakuru?"

"Ya kampuni ya Kahama."

Mama aliweka kapu chini. "Kahama! Ewe Mukongomani, mimi nilizaa huyu na kumusomesha ili akae karibu, nikiumwa aniletee uji. Uji wa kutoka Kahama utafika umekuwa nini?"

"Nitauendesha mbio, Mama. Utafika moto."

Nilimwona mama akizuia kicheko. Alichukua kapu lake, akasema, "Jumamosi tutaona," akaondoka.

Birindwa alinigeukia, macho yakicheka. "Amekubali."

"Amekutukana."

"Kwa mama yako ni kitu kimoja. Maliza barua, nipeleke kabla Rénovat hajaenda kula."

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Ningeweza kuimaliza. Angevuka na karatasi yake safi, angesimama mlangoni mwa ofisi mpaka aambiwe aingie, na Rénovat angefungua faili mbele ya makarani wote na kumwuliza, miaka gani hiyo, kijana? Niliiona picha hiyo waziwazi, na shati lile jeupe ndani yake, nikashindwa.

"Baba," nilimwambia mzee wa fotokopi, "mashine imepata moto. Urudi kesho, tafadhali."

"Lakini hujaiwasha, dada."

"Kesho, Baba."

Alituangalia mmoja mmoja, akaokota kitambulisho chake, akatoka. Nikamwambia Birindwa:

"Biri, hiyo barua siwezi kuiandika."

"Umeme unakatika?"

"Miaka yako haijatimia."

Alicheka. "Ama, si tulihesabu pamoja? Ulinichorea kwenye kalenda."

"Haijatimia kwa sababu haijaanza."

Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilikaa usoni mwake kama mtu aliyesahaulika kwenye kituo. Nilivuta sanduku la chini, nikatoa nakala ya mkataba wake. Nilikuwa nimeihifadhi miaka yote miwili chini ya makaratasi mengine, na nilijua ilipo hata gizani. Nikageuza ukurasa wa tatu, nikamwekea kidole.

"Soma," alisema.

Nikasoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili.

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena. Lori moja lilikuwa linarudi nyuma getini, mlinzi akipiga filimbi. Birindwa alingoja filimbi ikome.

"Na siku ile hiki kifungu kilikuwa hapa? Au walikiongeza baadaye?"

"Kilikuwa hapa."

Alichukua ile karatasi, akaipapasa kwa dole gumba, akaipapasa na nyingine. Kisha akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mtaro:

"Labda kurasa zilishikana. Kulikuwa na joto siku ile, tulikuwa watu wengi. Karatasi mbili zikishikana mutu anaruka bila kujua."

Alinifungulia mlango wa kutokea. Kama ningesema ndiyo, angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu.

"Hazikushikana," nilisema. "Nilikiona. Nilikiruka."

"Ju ya nini?"

"Ulisema ikizidi miaka miwili utaenda Lubumbashi."

Alipoongea hakunitazama, alitazama mikono yake.

"Hakukuwa na Lubumbashi."

"Mjomba wako..."

"Mujomba yangu anauza mukaa kule mjini Baraka. Hajawahi kufika Lubumbashi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilisema vile nione utafanya nini. Nilitaka uniambie baki. Tulitembea njia yote ile nikingoja uniambie baki. Kesho yake ukaniambia saini tu. Nikasema, bon, huyu si mutu wa maneno, lakini ndivyo anavyosema baki."

"Kwa hiyo ungesaini? Hata ningekusomea?"

"Ningesaini. Ningesaini hata miaka kumi, Ama. Nilikuwa na wapi pa kwenda? Kwa magunia? Na we ulikuwa hapa." Sasa alinitazama. "Lakini ningekaa nikijua kwamba ninakaa. Unaelewa? Nilikuwa nafuta siku. Kila tukilala Nyakanazi, kila tukilala Morogoro, nafuta siku moja. Kumbe nafuta hewa."

Nilinyoosha mkono kumshika. Hakuukwepa. Aliuacha ulale juu ya wake kama kitu kilichosahauliwa hapo na mteja.

"Wale sita wengine walisoma wenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi walijua. Nikiwa kwenye gari nawaambia, mi nabakiza miezi mitano, mi nabakiza miwili, wanatazama dirishani. Nilifikiri ni wivu." Alitikisa kichwa. "Walikuwa wananionea huruma."

"Nisamehe, Biri. Niliogopa kukukosa."

"We hukuogopa kunikosa. Ungeogopa, ungeniambia baki." Alisimama. Alikunja ile nakala ya mkataba, akaitia mfukoni. "Hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Naenda biro, ofisini kwa Shakuru. Kuna gari ya Dar inatoka kesho, inatafuta mutu wa pili."

"Usiende na hasira. Zungumza na Shakuru. Mwombe akuachie, nitakuandikia barua nyingine, nitaweka—"

"Apana. Usiniandikie kitu." Alisema bila ukali wowote. Mlangoni aligeuka nusu. "Asante, dada."

Dada. Hivyo ndivyo mtu humwita mwanamke yeyote aliye nyuma ya mashine. Niliketi nikimtazama akivuka barabara na shati lake jeupe, akasimama mlangoni mwa ofisi ya Shakuru, akangoja aambiwe aingie.

*

Siku mbili sikulala vizuri wala kula vizuri, lakini kibanda nilikifungua. Nilimpigia simu mara nyingi, haikupokewa. Nilijua gari alilopanda limeondoka Ijumaa alfajiri. Kuhusu Jumamosi, nilijiambia kwamba lazima amempigia baba yake mdogo na kumwambia asivuke. Nani angesahau jambo kama hilo?

Jumamosi saa kumi alasiri, gari dogo lilisimama mbele ya kwetu Mutanga Nord. Alishuka mzee Sébastien kutoka Uvira, na suti ya kijivu iliyomzidi mabega, na dereva akamteremshia kreti mbili za bia na moja ya Fanta.

Baba yangu, Mzee Léonce, mwalimu mstaafu, mtu wa adabu, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Walikaa. Waliulizana habari za mvua, habari za mpakani Gatumba, habari za bei ya samaki. Ndivyo inavyofanywa, na mzee Sébastien aliifanya vizuri, hakukimbiza neno. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Tulikuwa tunapita," alisema, "tukasikia hapa kuna nyumba ya watu wenye heshima. Tukasema, heri tuingie tuwasalimu. Na kama kuna binti hapa, sisi tuna kijana."

"Binti yupo," alijibu baba, akitabasamu. "Na kijana yuko wapi?"

"Mambo ya barabara, mwalimu. Asubuhi nilimpigia, simu haikupita. Lakini aliniambia yote mapema. Miaka yake imeisha, Jumatatu anashika gari yake."

Mama alinigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango wa jikoni, na kitenge ambacho mama mwenyewe alinichagulia asubuhi ile. Maana alikuwa amekubali, kama Birindwa alivyosema.

"Ni kweli, Amandine? Karatasi zimetoka?"

"Tumpigie," nilisema. Sauti haikuwa yangu.

Mzee Sébastien alipiga. Safari hii simu ilipita, naye akaiweka katikati ya meza, sauti ikitoka nje ili kila mtu asikie. Tulisikia injini nyingi, watu wakiitana. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpakani Kobero.

"Baba mudogo, uko muzima?"

"Mimi ni muzima, na niko kwa wakwe zako, na suti kama ulivyoagiza. Wanakuuliza."

Injini tu. Kisha: "Ni leo?"

Alikuwa amesahau. Sikumtendea jambo dogo, nikafahamu hapo, kama aliweza kusahau siku hii.

"Kijana," alisema baba, akiinama kwenye simu, "tunakusikiliza."

"Mzee, jambo. Munisamehe sana, Mzee. Mumusamehe na baba mudogo, yeye hakujua. Gari bado sina. Nilihesabu vibaya miaka yangu."

Mama alipiga mapaja. "Miaka miwili! Unaihesabuje vibaya? Vidole viwili tu!"

"Ni mukataba, Mama. Uko kwa Kifaransa. Sikuuelewa."

"Na Amandine si ndiye alikusomea?"

Wote watatu walinitazama. Baba kwa upole, mama kwa mshangao, mzee Sébastien kama mtu anayeona mwanga wa taa mbali barabarani. Kinywa changu kilikuwa wazi. Neno lilikuwa limefika, nililisikia kwenye meno.

"Alinisomea yote," sauti ya Birindwa ilisema juu ya meza. "Neno kwa neno. Mi ndo kichwa yangu nzito. Amandine hana kosa."

Halafu akasema foleni inasogea, na simu ikakatika.

Nilikuwa bado na nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa pale na ulimi wangu mzima. Nilisimama. Nilikwenda jikoni kutafuta kifungulio cha chupa.

Niliporudi, baba alikuwa akisema kwa heshima kwamba mgeni hawezi kuondoka koo kavu, na kwamba mambo ya vijana yana wakati wake. Mama alisema mambo ya vijana yana wakati wake kwa watu wanaojua tarehe. Mzee Sébastien alikuwa amevua koti na kulikunja, bitana likiwa nje, amelipakata kama mtoto. Nilimfungulia bia. Alinishika kifundo cha mkono, polepole, ili wenzake wasione.

"Ni weye alikuwa anakutaka?"

"Ndiyo, Baba mdogo."

"Huyu nilimulea mimi. Alikuwa anahesabu magunia ya bandari nzima kwa kichwa, bila kalamu." Macho yake yalikuwa mekundu, ya mzee aliyeamka mapema kuvuka mpaka. "Si mujinga. Nasema tu ujue."

"Kunywa, Baba mdogo," nilimwambia. "Itapata moto."

Alikunywa nusu. Kreti alituachia. Alisema mtu hawezi kurudi kwao na bia aliyoipeleka kwa watu.

Birindwa na mimi tulionana mara nyingi baada ya hapo, yeye akiingia getini, mimi nikifungua kibanda. Alinisalimia kila mara, na kila mara alitumia neno lilelile, dada. Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, lori la Shakuru lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Bugarama. Dereva mwenye gari alivunjika mguu. Dereva wa pili walimpeleka kwao Uvira kumzika, na mimi sikwenda, kwa kuwa sikujua ningejiita nani mbele ya wenye msiba.

Mama yangu sasa ni mzee, na anapenda wageni. Akiwa na watu wa kumsikiliza, huwasimulia habari ya Mukongomani mmoja mpole aliyetaka kunioa, akamtuma baba yake mdogo na suti na kreti tatu, kumbe hajui miaka yake mwenyewe. Husimulia vizuri, na sauti ya simu huiigiza. Humalizia kwa huzuni ya kweli, maana alianza kumpenda. "Maskini," husema, "kuhesabu mpaka mbili tu kulimshinda."

Wageni hucheka kidogo, kwa adabu, kwa sababu ni marehemu. Nami nikiwa pale huwaongezea chai.